Swali la Tisa Kwenye Fomu ya Bima

Homa Bay, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, 1967

Niliandika uongo kwenye fomu ya bima ya nyumba yetu, na sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si rafiki yangu wa shule, hata padri sijamwambia.

Asubuhi mvua ilinyesha, kisha likatoka jua kali. Sasa mabati yanakauka na kulia moja moja. Mama yuko nje anaanua omena, dagaa wa ziwa letu. Mwandiko wangu leo ni mbaya kwa sababu naandika haraka, kabla mama hajaingia.

Ngoja nianze ilikoanzia.

Mwezi uliopita mama alipeleka omena Migori, akarudi na habari moja tu mdomoni. Mfanyabiashara anayemfahamu kule aliunguliwa na duka mwaka jana. Liliteketea lote, hadi chupa za soda zikayeyuka. Sasa duka limesimama tena, lina mlango wa bluu na rafu mpya. Mama aliuliza ni ndugu wangapi waliochanga. Akaambiwa hakuna ndugu aliyechanga, ni karatasi. Mtu huyo alikuwa na bima, na kampuni ndiyo iliyojenga.

Karatasi imejenga duka. Mama alirudia maneno hayo siku tatu. Jirani yetu, Mama Otieno, alimcheka, akasema kumbe siku hizi hata moto una karani wake. Mimi sikuweza kucheka. Niliwaza juu ya watu wale wa ofisini, Kisumu au Nairobi, wanaokubali kubeba msiba wa mtu ambaye hawajawahi hata kula naye. Jambo kubwa hivyo sikulisoma katika kitabu chochote cha shule.

Wiki iliyopita wakala wa bima akafika kwetu. Ni mtu mzima wa upande wa Kakamega, mwenye begi la ngozi na viatu vilivyojaa tope. Kijaluo hakijui, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, mama akitumia kile chake cha soko. Aliacha fomu, akasema atarudi leo kuikagua nyumba, na kwa kuwa fomu ni ya Kiingereza na mimi ndiye niliyetoka shule, nikapewa mimi niijaze.

Kabla ya kuondoka alimwambia mama, "Andika ubovu wote uliopo leo, mama. Ukiuficha, siku nyumba ikipata ajali karatasi hii itakufaa kufungia omena, basi."

Mama akanigeukia. "Umesikia, nyara? Jibu kama unamjibu daktari." Nyara, kwa Kijaluo, ni kusema "binti yangu". Kisha akajitwisha beseni lake, akaenda sokoni.

Nilibaki peke yangu na swali la tisa.

Liliuliza hivi: je, nyumba au sehemu yake yoyote imeharibika kwa sasa? Kama ndiyo, eleza, na useme kwa nini haijatengenezwa.

Imeharibika. Ukuta unaoelekea ziwani una ufa kuanzia dirishani hadi chini. Ulianza mwaka ule ziwa lilipopanda na ardhi ikalainika. Baba alinunua mifuko miwili ya saruji ili auzibe, akaugua, akafa kabla hajaifungua. Mifuko ile ikapata unyevu, ikawa mawe. Iko mlangoni hadi leo, karatasi yote imebanduka, lakini mikunjo ya mfuko bado inaonekana juu ya jiwe. Wageni hukalia hapo.

Ufa wenyewe ningeuandika. Kilichonishinda ni lile swali la kwa nini.

Kwetu, nyumba ya mjane haitengenezwi mpaka arithiwe na mwanamume wa ukoo wa mumewe. Mama ni mtu wa kanisa na alikataa. Alikataa mara tatu, ya mwisho mbele ya baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye aliondoka akisema basi tutaona ni nani atakayeushika ukuta huo. Hakuna aliyeushika. Huu ni mwaka wa nne.

Shuleni nilikuwa sinyoshi mkono hata nilipojua jibu. Nikafikiria mwanamume nisiyemjua anasoma kwa mwandiko wangu kwamba mama yangu alitakiwa arithiwe. Nikasikia uso unawaka. Nikaandika: Hapana.

Neno moja tu, na mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Leo asubuhi nikafanya jambo baya zaidi. Nilitoa kile kitambaa kikubwa cha ndege wawili ambacho mama alikifuma mwenyewe, nikakipigilia misumari juu ya ufa. Mama aliponiuliza, nikasema ni heshima ya mgeni. Akafurahi. Kufurahi kwake kuliniumiza kuliko kipigo.

Wakala akaja saa saba. Alitazama mabati, milango na jiko la nje. Alipoingia sebuleni nilisimama karibu na kitambaa changu kama mlinzi wa benki, nikiomba aendelee mbele.

Ni mama aliyekiondoa. Alikifunua kama mtu anayefunua chungu kumwonyesha mgeni kilichopikwa, akasema, "Na huu ndio ubovu wetu, bwana. Mtoto amekwisha kukuandikia."

Jua la mchana lilipita katika ufa, likaanguka juu ya shati la yule mtu, mstari mwembamba wa mwanga unaocheza, kwa sababu lilikuwa limegonga maji ya ziwa kwanza. Sikujua kwamba ufa wetu ni mzuri namna hiyo. Yeye alitoa rula, akapima taratibu, akaingiza ncha ya penseli, kama muuguzi anavyopima kidonda bila kukilaumu. Kisha akafungua fomu. Akasoma. Akaniangalia.

Nilijua anaweza kufunga begi na kwenda zake. Nyumba ingebaki bila bima, na mama angejua ni kwa sababu yangu.

"Swali la tisa limejibiwa kwa haraka," akasema polepole. "Msichana, shika kalamu. Kata hilo neno, uandike upya, halafu mama aweke kidole pembeni."

Mama alidhani nimekosea Kiingereza. Alinitania kwamba masista wa shule yangu wamekula karo yake bure. Nikainamisha kichwa na kukata lile neno. Niliandika habari za ufa, urefu wake na mwaka ulipoanza. Nilipofika kwenye kwa nini, kalamu ikasimama.

"Andika," mama akasema kwa Kiswahili, ili na mgeni asikie. "Haujatengenezwa kwa sababu mume wangu alikufa, na mimi nimekataa kurithiwa. Wanaume wa ukoo hawaigusi nyumba hii. Mwenye nyumba ni mimi."

Hakupandisha sauti wala hakuangalia chini. Nilimtazama kama vile sijawahi kumwona, huyu mwanamke mwenye magamba ya omena mikononi. Jambo nililolionea haya hata kwenye karatasi, yeye alilisema mbele ya mgeni kama mtu anayetaja jina lake.

Niliandika kila neno. Akaweka kidole, wakala akatia sahihi kando.

Akaeleza kwamba ataipeleka fomu ofisini na haoni sababu ya kukataliwa, ila ukuta wa ziwani hautakuwa kwenye bima mpaka utengenezwe.

"Kwa hiyo mnachukua kuta tatu," mama akasema.

"Kuta tatu na mabati yote, mama."

"Sawa. Shemeji zangu hawajachukua hata mmoja."

Yule mtu alicheka mpaka akakaa juu ya saruji ya baba. Alipokuwa anaondoka alinipa mkono kama mtu mzima, akasema tu kwamba nina mwandiko mzuri. Siri yangu hakuigusa. Nadhani sitamsahau.

Mama amesema Jumatatu anakwenda Migori kumleta fundi Mkuria, mtu asiyefungwa na mila zetu, kwa kuwa kwake huo ni ukuta tu. Nimemuuliza kwa nini hakufanya hivyo miaka yote hii. Amejibu kwamba lile neno, "mwenye nyumba ni mimi", alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti nyumbani mwake, na sasa amelisema na paa halijaanguka.

Natazama ufa tangu wakati huo. Kitambaa sijakirudisha.

Nami nina langu la kusema kwa sauti. Nitamwambia mama siku fundi atakapomaliza lipu, nikiwa nimekaa pale mlangoni juu ya saruji ya baba. Nimeahidi. Hadi siku hiyo, ewe unayesoma hapa, nakuomba sana, usimwambie. Acha alisikie kutoka mdomoni mwangu.