Marahaba ya Barazani

Bibi yangu mpendwa,

Picha yako nimeipata. Ulivyokuwa mgumu kupigwa picha unajua mwenyewe. Simu ikiinuliwa tu, unajifunga kanga upya, unabana midomo kuficha pengo, unakodoa macho mpaka tunapata mtu mwingine kabisa. Hata kwenye kitambulisho umekaa kama mshitakiwa.

Unakumbuka nilipofunga kamera barazani kwako Kwamndolwa, baada ya kuku wako kuibiwa? Nilikwambia nitakuwa naiona nyumba kwenye simu nikiwa kazini Handeni. Uliitazama, ukacheka, ukaingia jikoni. Kesho yake asubuhi nikakuona unatoka na ufagio, unasimama chini ya kamera, unainua mkono na kusema neno. Kamera haikuwa na sauti, kwa hiyo nikakupigia kuuliza ulikuwa unasema nini.

"Nakuitikia. Si unaniangalia? Basi umeshaniamkia. Marahaba."

Ikawa ndiyo kawaida yako ya kila asubuhi. Nilicheka sana, bibi.

Tulipokuzika, shangazi aliomba picha yenye sura yako hasa. Hatukuwa nayo. Nikaikumbuka kamera, na hapo hapo nikaogopa, maana hurekodi kila anayepita, na kadi yake ikijaa hufuta ya zamani ili irekodi mpya, na waombolezaji walikuwa wakiingia na kutoka mlangoni kutwa. Niliifungua haraka. Ilikuwa imebaki asubuhi yako moja tu.

Niliiendesha video polepole, nikawa naisimamisha na kuchukua picha moja moja. Kwenye ya kwanza mkono umefifia. Nyingine umefumba macho. Sikujua kwamba mtu akiinua mkono mara moja tu, uso wake hupita sura zote zile. Nilikuona umechoka, nikakuona binti, nikakuona unafanana na baba. Nilistaajabu mpaka nikasahau kulia. Halafu ukatokea wewe mwenyewe: mdomo wazi, pengo nje, macho yananitazama mimi.

Shangazi alipoiona alikaa chini. "Huyu ndiye mama," alisema.

Tumeitundika sebuleni. Kila nikiingia nakuamkia, wala sisubiri jibu, maana hapo ukutani umeshaniitikia.

Shikamoo, bibi.

Mjukuu wako