Neema Kabla ya Neno

Jumapili usiku

Bado nacheka peke yangu. Kwa woga, badala ya kufungua funzo la Biblia la vijana kwa maombi, nilianza ile neema tunayosema tukiagana. Wote wakaitika amina, wakasimama waende.

"Karani, umefunga ofisi kabla haijafunguliwa!" Mutua, mmoja wa vijana, akapaza sauti, akiitania kazi yangu ya ukarani.

Nilitamani kutoroka. Mchungaji alishasema tukiendelea kukaa kimya kila funzo, atatuunganisha na kundi la wazee. Lakini waliketi tena wakicheka, nami nikacheka.

Ndanu, ambaye hakuwa amewahi kusema neno tangu ajiunge nasi, akaniuliza, "Kumbe hata wewe huogopa?"

"Sana. Kila Jumapili."

Akafungua Biblia, akasoma pale Petro anapozama. Kisha akasema, "Lakini alizama akimwendea Yesu, si akimkimbia."

Basi wakabishana vizuri mpaka wanakwaya wakaja kudai benchi zao. Maelezo niliyoandaa wiki nzima sikuyagusa.

Mchungaji alisimama dirishani, akasikiliza, akaenda zake. Sijui ameamua nini. Kumuuliza naogopa.

Ila Jumapili ijayo maombi ya kufungua atayaongoza Ndanu. Ameomba mwenyewe. Anasema mimi siaminiki.