Shati Jekundu Ulilonivisha

Dada Saumu,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara mbili nikalifuta. Ukilitaka, liweke mwenyewe.

Jana timu yetu, Wazambarau, imefungua msimu. Najua unajua, maana asubuhi ya huko uliko ulinitumia voisi huku unatafuna kitu: "Mdogo wangu, leo ndiyo leo! Utaangalia?" Kama vile hakuna kilichotokea. Kama vile ulitoka tu kununua mkate. Sikukujibu kwa voisi kwa sababu ningepiga kelele mpaka majirani wagonge ukuta. Kwa hiyo naandika barua, na naiweka hapa mtandaoni kila mtu aisome.

Unakumbuka nani alikuletea huu mpira? Mimi! Mimi niliyekuwa nafuta mashine za jimu huku ughaibuni, kule kompaundi ya wageni ya Al Wukair, TV ya ukutani haizimwi, vijana wa vyuo vya Marekani wanagongana vichwa kama mabeberu. Hakuna aliyenifundisha. Niliangalia, nikarudisha nyuma kwenye simu, nikaangalia tena, mpaka nikaelewa: wana majaribio manne ya kusogea yadi kumi, wakishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Nikakuletea hadi chumbani kwetu Al Mansoura, simu tumeiegemeza kwenye kopo la maziwa, na wewe unacheka umeshika mbavu. "We Mwanasha! Mpira wa miguu gani huu wa kushika kwa mikono? Mtu akiupiga teke wenzake wanashangaa!"

Lakini ulinogewa. Jumamosi, mechi yao ya mchana inatukuta sisi baada ya Isha, sahani moja ya wali katikati, wewe bado na sare ya ulinzi. Majina yao yalitushinda tukawapa yetu. Wale wanene wanaozuia mbele, mabaunsa. Yule anayerusha mpira, Mpishi, kwa sababu wote wanamsubiri yeye apakue. Timu yetu Wazambarau, kwa rangi ya jezi tu, chuo chenyewe hata hatukukijali.

Na pembeni alikuwepo yule mrushaji wa akiba, tukamwita Mpishi mdogo, kofia kichwani, mechi baada ya mechi hagusi mpira. Ukaniuliza, "Huyu naye kafanya kosa gani?" Nikakueleza hana kosa. Kule wanaita shati jekundu. Mchezaji ana miaka minne tu ya kucheza chuoni. Akikaa benchi mwaka mmoja, hata akiingizwa mechi chache tu, akafanya mazoezi, akakua, ule mwaka hauhesabiwi. Anarudishiwa.

"Hauhesabiwi?" ukasema. "Raha iliyoje!"

Ningejua utalifanyia nini hilo neno, ningekuambia yule kijana ni mgonjwa.

Ile hoteli ilipotafuta mkufunzi wa jimu ya wanawake, tuliomba sote wawili. Mudiri, meneja wao, akanipigia mimi. Mimi, Saumu! Na wewe ukaja ukakaa kitandani kwangu, ukanivuta vidole vya miguu kama tulipokuwa watoto Likoni. "Hii niachie mimi, Mwanasha. Umri wangu unakwenda. Wewe mwaka huu vaa shati jekundu. Mwakani nakuvuta, wallahi." Nikampigia mudiri nikamwomba ampe dada yangu. Kila jioni nikakufundisha mashine moja moja, mpaka ukaziweza.

Na nikalivaa shati. Wageni wa kompaundi wakaniagiza taulo, wakaniagiza maji, wakaniita "wewe pale", nami najiambia haidhuru, huu hauhesabiwi.

Halafu lile Lango. Unakumbuka tulivyolitukana? Ule mlango ambao mchezaji akijiandikisha tu anahamia chuo kingine, hata kama timu yake bado ina mechi. Mpishi wetu mkubwa alipoingia Lango, imebaki mechi moja tu ya kumaliza msimu, uliirushia simu mto. "Mnafiki! Umekula wali wa watu, unatoroka kabla ya kuosha vyombo!" Maneno yako hayo. Mpaka yule dada wa kitanda cha mlangoni akatuambia tunyamaze.

Wiki ile ile ikaja voisi yako kutoka uwanja wa ndege, nyuma yako wanaita abiria wa Kanada. "Mwanasha, usikasirike. Nimeingia Lango." Na ukacheka! Tiketi ulikuwa nayo tayari, Saumu. Ulipokuwa unamtukana yule kijana, tiketi ulikuwa nayo.

Ile mechi ya mwisho niliangalia peke yangu. Mpishi mdogo akaingizwa hivyo hivyo, bila hata kupasha misuli. Mabaunsa wetu wakapenywa. Akaangushwa, akainuka, akaangushwa tena, nyasi zimemganda kwenye kofia ngumu ya mchezo. Nikamtukana yeye, kwa kuwa wewe hukuwepo nikutukane.

Nikaenda hotelini kwa mudiri kuomba nafasi uliyoiacha. Hata kiti sikupewa. "Dada yako kaondoka bila kuaga, wateja wamefika hakuna mtu. Katika familia yenu mmoja ametosha. Khalas." Ukafunga mlango wangu, dada, ukaondoka na ufunguo.

Sasa nakaa Al Thumama na Nakato, Mganda, mfanyakazi mwenzangu. Nafuta mashine zingine, lakini ni zile zile. Jana Mpishi mdogo ameanza mechi. Ameurusha mpira mbali, mbali, mwenzake kaudaka mstari wa mwisho! Nimeruka nimegonga kichwa kwenye kitanda cha juu. Nikageuka nikupige bega. Ni Nakato.

"Unalia? Huyo ni nani yako?"

"Alikaa benchi karibu mwaka mzima."

"Alivunjika?"

"Hapana. Aliambiwa akae, mwaka hautahesabiwa, zamu yake inakuja."

"Nani alimwambia?"

"Kocha wake."

"Na kocha bado yupo?"

Nikamwonyesha. Alikuwa amesimama pale pale pembeni, anampigia makofi.

"Basi sawa," Nakato akasema, akarudi kwenye simu yake.

Usinitumie tena voisi za Wazambarau. Vaa soksi, nasikia baridi ya huko inauma. Na ukipata mdogo mwingine wa kumvisha shati, mwambie kwanza kama utakuwepo.

Ni mimi, mdogo wako, ambaye mwaka wake umehesabiwa.