Sauti Yangu Iliyomrudisha Shangazi

Ngungu, Jumapili. Mvua inanyesha tangu misa ilipokwisha, na nyumba yote inanuka moshi kwa sababu kuni zimelowa.

Leo nimesoma matangazo kanisani kwa sauti ndogo mpaka mzee mmoja wa nyuma akalalamika: "Mwalimu, hatusikie!" Nikarudia. Ndoa mbili, msiba mmoja, na mbuzi mweusi wa Papa Bahati aliyekata kamba. Sikuwa mgonjwa. Naionea haya sauti yangu.

Blogu hii haina jina langu, na majina ya watu wote nimeyabadilisha. Anayenijua atanijua tu, kwa hiyo bora niseme.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila Jumapili baada ya komunyo ni mimi ninayesoma matangazo. Kazi hiyo niliachiwa na baba. Alikuwa na sheria moja ngumu: hutangazi usichokiona. Mbuzi akipotea, nenda kwanza ukaione kamba. Mtu akifa, fika msibani, ndipo ulete jina lake kanisani. Watu walimcheka, wakasema huyu mzee siku moja atataka kumpima marehemu homa. Lakini ndiyo sababu huku kwetu watu wakibishana, mmoja huuliza: imesomwa kanisani? Ikiwa imesomwa, ubishi umekwisha.

Wakubwa wapya walipoingia, waliligundua hilo kabla yangu.

Nasema wakubwa wapya kwa sababu huku wakubwa hubadilika. Walikuwepo waliokuja wakati wa kura wakatugawia vitenge vyenye picha ya uso wa mtu, tukavivaa, tukaukalia uso huo kwenye mabenchi ya kanisa miaka mingi. Wakaja wa msituni waliosema wao ni watoto wa nyumbani na wanatulinda, na kuku wetu wakawa wa kwanza kulindwa. Hawa wa sasa hawapigi kelele. Wana mtu wao wa kuhamasisha watu, tunamwita Animatere. Ni mwanaume mpole wa miaka arobaini hivi, mwenye viatu visivyo na tope, na kwa Ngungu huo ni muujiza.

Kila Jumamosi tunafanya salongo, ile kazi ya lazima ya wote. Tunachimba mifereji, tunajaza mashimo ya barabara, kisha tunakaa kwenye majani kusikiliza jinsi tunavyopendwa. Jumamosi moja, makofi yalipokwisha, Animatere aliniita pembeni akanipa karatasi. Alitaka niisome kwenye simu yake, ili sauti itumwe kwa ndugu zetu waliokimbilia Ntoto, kule Walikale, siku za risasi.

"Mwalimu, sisi tukisema habatuamini," aliniambia kwa heshima zote. "Weye njo banakuamini."

Mtu akikwambia ukweli kama huo usoni, unamjibu nini?

Niliogopa, ndiyo. Wenzake wawili wenye bunduki walikuwa wamesimama pale pale wakila miwa. Lakini nisijifiche nyuma ya woga. Niliomba siku tatu, nazo nilipewa, nikafanya kama baba: nikaenda kuona. Karatasi ilisema barabara imefunguka. Nikatembea hadi pale ilipokuwa imekatika, nikaona malori yanapita. Ilisema soko linafanyika kila Alhamisi, na mimi nilikuwa nimenunua chumvi hapo wiki iyo hiyo. Ilisema watoto wanasoma, na aliyekuwa akiwafundisha ni mimi. Karatasi nzima haikuwa na uongo hata mmoja. Niliisoma kwa ile sauti ya kanisani, nikamalizia na maneno ya mwisho: ndugu zetu, tunawangoja. Hata hayo yalikuwa kweli, maana shangazi yangu Serafina alikuwa Ntoto na nilikuwa na hamu naye sana.

Juu ya mashamba, karatasi haikusema kitu. Nami sikuuliza.

Nilijua.

Jumamosi chache kabla ya hapo, salongo haikuwa barabarani. Ilikuwa mlimani, kwenye shamba la maharagwe la shangazi, tukipanda viazi vya mkuu wao. Tuliambiwa ni shamba lisilo na mwenyewe. Nilishika jembe nikapiga matuta pale pale nilipokuwa nikicheza utotoni, nikanyamaza. Sheria ya baba ilinikataza kutangaza nisichokiona. Haikunilazimisha kutangaza nilichokiona. Nilijificha humo kama panya ndani ya gunia, na nilijiona mwaminifu.

Alhamisi hii shangazi alifika. Siku nne kwa miguu, mguu mmoja umevimba, sufuria mgongoni na jembe jipya mkononi, alilolinunua Ntoto kwa kuuza mihogo. Hakuja kwangu kwanza. Alipitia shambani, kama mkulima yeyote angefanya. Mlinzi alimuuliza anatafuta nini kwenye viazi vya mkuu. Watu wakaniita, nikamkuta amekaa ukingoni mwa mfereji.

"Ni sauti yako njo ilinileta," alisema. "Bale ba kubisha niliwaambia: huyu ni mutoto ya kaka yangu, hawezi kusoma uongo."

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda kwingine. Huku kwetu ni ndefu, inapitisha mizigo ya koltani, yale madini ya kutoka Rubaya, na tunaitengeneza sisi wenyewe kila Jumamosi, tukiimba. Nimeelewa pia kwa nini wanataka waliokimbia warudi. Mkuu asiye na watu ni mlinzi wa majani. Anataka mikono ya salongo, anataka makofi, anataka soko lijae ili wageni wakija wapige picha ya amani. Uongo mtupu haumsaidii, maana uongo tumeuzoea, tunaunusa kutoka mbali kama maziwa yaliyochacha. Anahitaji nusu ya ukweli isomwe na mtu mwema. Na mtu mwema alimpata, anafundisha darasa la nne.

Ijumaa nilipanda mlima, kule juu ambako mtandao unapatikana, nikamtumia ujumbe wa sauti Neema, binti wa shangazi, aliyebaki Ntoto na watoto wake watatu. Nilimweleza yote, shamba, viazi, mlinzi. Nikamwambia asije, na awaambie wenzake. Jibu lake lilifika kabla sijaanza kushuka.

"Dada, juzi ulisema tukuje, leo unasema tusikuje. Nani anakusukuma? Ao munataka kugawana shamba ya mama ninyi benyewe?"

Akaongeza kwamba majirani zake wamekwisha kufunga mizigo na wataondoka Jumatano. Yeye anangoja tu kumsikia mama yake.

Nimekuwa nikisoma matangazo miaka kumi na moja. Siku niliyoficha jambo, niliaminiwa mpaka Walikale. Siku niliyolisema, binamu yangu mwenyewe aliniona mwizi. Nililia pale mlimani, nasema wazi, nililia kwa hasira, na hasira nyingi ilikuwa juu yangu.

Ikabaki sauti moja ambayo Neema hawezi kuitilia shaka. Leo baada ya misa nilimwomba shangazi amwambie binti yake alichokikuta. Nilimpa simu, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikatoka kwenda kupanga kuni ili awe huru. Niliporudi alikuwa amemaliza, nikasikiliza.

"Neema, ni mama. Nimefika muzuri. Mutoto ya kaka yangu ananichunga, na shamba iko. Kuja na batoto."

Nilimuuliza kwa nini. Hakukasirika. Alisema Animatere alipita hapa jana nilipokuwa kwenye salongo. Amemwahidi matuta manne, pembeni mwa shamba lake mwenyewe, ikiwa watoto wake watarudi. Familia nzima inaandikwa kwenye orodha yao, lakini mwanamke mzee peke yake haandikwi.

"Matuta ine ni matuta ine," amesema. "Na sitaki kufa bila mutu wa kunizika."

Kisha akaendelea kuambua maharagwe.

Hawakumtisha. Walimkatia kipande cha kilicho chake, naye akawaambia aksanti. Siku za risasi niliwaogopa, lakini leo nimewachukia, na chuki hii imenikaa kifuani tangu saa sita mchana.

Simu iko hapa mezani. Ujumbe wake haujatoka, kwa sababu huku chini hakuna mtandao. Naweza kuufuta sasa hivi. Shangazi hatajua, anajua tu pa kubonyeza kwa kuwa nilimwonyesha.

Nikiufuta, nitakuwa nimeamua mimi mama aseme nini na binti yake asikie nini. Hiyo ni kazi ya Animatere, na nimekwisha kumfanyia kazi ya kutosha.

Nikiutuma, watoto watatu watatembea siku nne kuja kupiga matuta ya mkuu.

Nimeamua hivi, na sijui kama ni uamuzi au ni uchovu. Kesho asubuhi mvua ikikatika nitampandisha shangazi mlimani, polepole kwa ajili ya mguu wake. Kutoka kule juu shamba lote linaonekana, viazi vya mkuu mpaka kwenye kijito, na pembeni ule ukanda mwembamba aliokatiwa. Asikilize sauti yake akiwa analitazama shamba hilo. Kisha atume au afute, mimi nitageukia upande mwingine. Na haya ninayoandika nayo nitayatuma kwenye blogu kutoka hapo hapo.

Akituma, nitamngoja Neema barabarani. Nitampokea mzigo, na kabla hajaniuliza lolote nitamwambia kwamba nilijua.