Kiti cha Pili Mutomo

Kalekye mke wa mwanangu, mko wazima huko Tawa?

Nimemkuta binti yako Mwende hospitalini hapa Mutomo. Hiyo saikolojia anayosomea yuniversiti ni kukaa tu na mama mzee ambaye haongei, bila hata dawa! Nikamkaripia yule mama: "Salimia mtoto!" Akageuka, akamwambia Mwende: "Umerudi? Mchanga ulikutoka machoni?"

Mwende tulimpa jina la dada yangu, aliyefukiwa na mchanga tukichimba maji mtoni. Tulikuwa wawili tu, na mimi nilikimbia. Sijawahi kumwambia mtu; yule mama nisiyemjua angejuaje?

Mjukuu wangu hakushtuka. Alivuta kiti cha pili, akaniambia, "Susu, keti."

Nimeketi. Nitachelewa kurudi. Mungu awalinde, na usimtume mtoto yeyote mtoni peke yake.

Mama mkwe wako