Uzi Mweupe

Dada yangu,

Shikamoo. Mtego wa Baba umepatikana. Mlinzi wa ghuba ndiye aliyetuambia, Jumatatu asubuhi, amesimama mlangoni kofia mkononi, na kabla hajamaliza kusema Mama alishamvutia kiti.

Najua barua haianzi hivyo. U hali gani? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku miili ni mizima. Paa la jikoni limezibwa, kazi zinaendelea, na Mama anakula. Wiki hii anakula kuliko kawaida, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Sikukupigia simu kwa sababu nikiongea nawe nyumbani yeye hunikalia ubavuni, na nikipigia njiani utaniuliza haraka nami nitakujibu ovyo. Barua hii atakuletea mwenzangu wa kazini anayesafiri kesho.

Wewe uliolewa Baba akiwa bado dereva wa gari la wagonjwa. Kuvua kaa alikuanza baada ya kustaafu, kwa hiyo mambo yake ya ghuba uliyasikia kwenye simu tu. Kila Jumapili alitoka na jirani yetu kinyozi katika kiboti chao, wakatega, wakasubiri, wakabishana. Kinyozi alikuwa akimtania kwamba kaa wa ghuba nzima wanamfahamu, wanamaliza chambo kisha wanamwachia salamu. Baba naye alimjibu kwamba heri kaa wake wanaokwenda zao wameshiba, kuliko wateja wa mtu fulani wanaotoka kinyozini wamefunga kitambaa kichwani. Wakipata kaa wanne walikuwa wameshinda. Wadogo waliwarudisha majini, na majike wenye mayai vilevile.

Jumapili ile kinyozi aliamka akiumwa jino, Baba akaenda peke yake. Kiboti kilikutwa kimepinduka, yeye hakukutwa. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Huu ni mwaka wa tatu na hatujapata cha kuzika.

Sasa sikiliza alichosema mlinzi. Wanasafisha ghuba, wanaopoa mitego iliyotelekezwa. Wa Baba ulikuwa umenasa kwenye majabali ambako boti hazifiki, na kibati chenye namba yake bado kimekaza. Ndani mlikuwa na kaa hai. Chini yao magamba yalijaa karibu hadi nusu ya mtego. Nilimuuliza walikuwa wanakula nini muda wote huo bila chambo. Akaniambia anayeingia akifa huwa chambo cha anayefuata, na mtego ukiachwa hivyo huendelea kuvua wenyewe bila mtu.

Ndiyo maana kuna sheria ya uzi. Mlango wa mtego wa kaa lazima ufungwe kwa uzi wa pamba, ili mtego ukipotea, uzi uoze baada ya miezi michache, mlango ufunguke, kaa watoke. Baba alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko mlinzi mwenyewe. Lakini tulipofuatana na mlinzi hadi gatini kuuona, mlango huu ulikuwa bado umefungwa. Mlinzi aliutazama tena, akakuna shingo, akasema mbele ya Mama kwamba pamba haikai majini miaka miwili, kwa hiyo huu uzi kuna mtu aliufunga juzijuzi. Kinyozi, ambaye naye alikuwa amekuja kuangalia, akaropoka kwamba fundo ni la Baba kabisa, lile lake la kuzungusha mara mbili.

Mama hakulia. Aliuliza tu kama mtu aliyefunga alikuwa ameweka chambo kipya.

Tangu siku ile mlango wa nyuma haufungwi kwa komeo. Shati la Baba la mistari limepigwa pasi na liko kwenye kiti. Jana nilisema Baba alipenda chai ya moto, akanikata kauli: sema anapenda. Amemwagiza kinyozi aje Jumamosi mchana na vifaa vyake, kwa sababu nywele za mume wake zitakuwa zimekuwa ndefu. Kinyozi alinitazama mimi. Mama akamwambia asinitazame mimi, mwenye nyumba ni yeye. Kinyozi akasema sawa shemeji, nitakuja. Hajapita tena mlangoni kwetu.

Mlinzi ni mtu mpole, na upole wake umetuponza. Mitego isiyo na mwenyewe hupondwa. Mama alimwambia huu unaye mwenyewe. Akashindwa kumkatalia mjane, akasema basi mwenyewe ajitokeze gatini Jumamosi kabla ya saa nne. Mama anayachukulia maneno hayo kuwa ni miadi.

Na mimi je? Jana hiyo, Jumanne jioni, upepo ulisukuma mlango wa nyuma, nikasema karibu Baba. Nilisema kwa sauti, nikanyanyuka kabisa. Huo ndio ugonjwa ulioko humu ndani, Dada, na hauko kwa Mama peke yake.

Leo mchana nilikwenda kwa mlinzi, nikakata kipande cha ule uzi nikakiwashia kiberiti. Pamba ikiungua huacha majivu. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukafanya tone jeusi gumu. Nikawasha kipande cha pili. Nikawasha na cha tatu. Ni nailoni, Dada, imesokotwa ikafanana na pamba. Hakuna aliyeufunga juzijuzi. Ulifungwa Jumapili ile ile na haukuoza kwa sababu hauozi.

Niliporudi nilifungua sanduku lake la zana. Kigurudumu cha uzi bado kimo, kimepungua kidogo tu, na ni kile ulichomtumia wewe. Unakumbuka alivyokuwa akilalamika kwamba uzi mweupe wa huku ni mbovu? Humu nyumbani kulikuwa na uzi wa kijani, yaani nailoni ya kufungia boya, na uzi mweupe, yaani pamba. Hatukuuita vingine. Wewe hukuwepo kuyajua majina hayo. Ulisikia uzi mweupe, ukaingia dukani ukanunua mweupe ulio imara kuliko wote, kama mtoto yeyote anayempenda baba yake. Naye macho yalikuwa yameanza kumdanganya. Alisifu uzi huo wiki nzima.

Sikuandikii kukulaumu. Uzi haukupindua kiboti. Lakini nikimwambia Mama mimi, atasema nimechoka kusubiri, na kweli nimechoka. Wewe ndiye uliyeununua. Ukimwambia wewe, hatakuwa na la kubisha.

Wasalimie wote, mkubwa kwa mdogo. Mwambie shemeji deni lake la kunitembelea bado liko. Mama anakusalimu. Amenituma nikuandikie kwamba kuna habari njema.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni nitakupigia, simu nitaiweka mezani mbele yake, na kiberiti nitakuwa nacho. Barua itakuwa imekufikia Alhamisi.

Mdogo wako,
Kitindamimba