Tangazo la Fundi Masanja

Jumatatu, 3 Juni 1991
Nimefungua. Nimetia cherehani mafuta. Nimekaa. Tangu mitumba ijae sokoni, kitambaa kipya hakiletwi. Leo kazi moja, zipu ya suruali, nayo suruali ya mtumba.

Bwana Saidi mwenye nyumba kaja. Kwa upole kabisa. Mwisho wa mwezi analitaka baraza lake aweke marobota ya nguo. Nikipata wateja wa kueleweka nitabaki. Nisipopata, Ngulyati kwa mama mkwe, jembe na pamba. Sikukasirika. Nimechoka hata kukasirika.

Jumatano, 5 Juni
Ni Saidi huyohuyo kanishauri nitangaze redioni. Zama za foleni kwenye duka la ushirika zimekwisha, anasema, siku hizi anayenyamaza hauzi.

Nimemuuza mbuzi wa mwisho. Tangazo nimeliandikia posta. Wanatoza kwa neno. Tangazo la fundi sijawahi kulisikia, ninayoyajua ni ya vifo, nikafuata mtindo wake:

"Mke wa Fundi Masanja wa Bariadi anawatangazia ndugu, jamaa na marafiki. Njooni nyuma ya soko, na kitambaa. Habari ziwafikie wa Ngulyati, Migato, Kalemela na popote walipo."

Neno "kushona" niliandika, nikalikata. Fundi cherehani, nani asiyejua anashona?

Jina nimeweka la marehemu mume wangu kwa kuwa ndilo linalojulikana. Mwaka jana alipofariki sikuwa na ada ya redio. Tulimzika wachache, mvua inanyesha. Sikulia. Watu walinisema sana.

Alhamisi, 20 Juni
Limesomwa. Nimelisikia dukani kwa Saidi. Limefuata vifo vitatu, na msomaji hakubadili sauti.
Nimefagia baraza mara mbili.

Ijumaa, 21 Juni
Hakuna mtu.

Jumamosi, 22 Juni
Wamekuja kina mama watano kutoka Migato, unga kichwani. Nikafurahi. Wakavua kandambili, wakakaa chini, wakaanza kulia. Ilinichukua muda kuelewa. Nimewaeleza kwamba ni biashara. Mkubwa wao kanitazama kwa huruma, kasema mayu, mama yangu, redio haimtaji mtu mzima hivi hivi.
Wameacha unga. Kitambaa, hakuna.

Jumanne, 25 Juni
Wengine watatu. Sijaeleza tena. Nimewasongea ugali wa unga uleule. Saidi alikuja kuulizia baraza, akakuta watu wamekaa chini. Katoa pole, kaondoka.

Alhamisi, 27 Juni
Shija wa Kalemela. Ujanani alifanya kazi na Masanja kwenye kinu cha pamba. Hakuwa na habari hata kidogo. Kalala njiani. Mkononi kashika kitambaa cheupe kilichokunjwa.

"Shemeji, nimekuja kuzika."

"Alishazikwa, shemeji. Mwaka jana."

Kakaa chini barazani. Kisha kasema tangazo lilitaja kitambaa, akajua sanda imekosekana, akanunua kipya cha dukani. Hakutaka rafiki yake azikwe na shuka la mtumba. Kanipa. Nimekishika tu, sikujua nikiweke wapi.

Baadaye kauliza kama nitamshonea shati kwa kitambaa hichohicho. Sikumpima. Mabega yake ni yaleyale ya Masanja, na vipimo vile mikono inavijua.

Jumapili, 30 Juni
Shati limekwisha. Kwenye kifungo cha tatu nimelia. Mwaka mzima hakuna, leo kwa kifungo. Nimelia mpaka Shija akatoka nje. Kisha nimeshona viwili vilivyobaki.

Saidi kaja kuchukua funguo. Kauliza kama tangazo limelipa, maana naye anataka kutangaza mitumba yake. Nimemwambia limeleta mteja mmoja. Kasikitika, kasema bora nisingemuuza yule mbuzi.

Ningemuuza. Mwaka jana msibani hatukuchinja kitu, huyu ndiye wake.

Shija kavaa shati lake. Kabeba cherehani hadi stendi. Gari la Ngulyati halijafika.